Unaitwa Kennedy na uko Tabora? Hivi ndo unavyofuatilia jina lilipotoka na lilivyosambaa

Ukisimama stendi ya mabasi hapa Tabora ukaita "Kenedi!" hutakosa wa kuitika. Kuna mpaka watoto wa shule sasa hivi ambao Kennedy siyo jina lao la kwanza kabisa, ni la tatu, la babu, maana babu alizaliwa miaka ya sitini akapewa jina la rais wa Marekani, afu mjukuu kwenye fomu jina la babu ndo linakaa mwisho. Yaani jina la mtu wa mbali limeshakuwa ubini wa familia za Ng'ambo, Isevya, Cheyo na Kiloleni.

Sasa watu wanauliza, hili jina ni la kizungu tu au lina kwao? Lina kwao jamani, tena kwao kunajulikana mpaka mkoa, mpaka parokia, na kila hatua liliyopiga kutoka huko mpaka Boston mpaka kwetu inafuatilika. Na ukijua kulifuatilia hili moja, utaweza kufuatilia jina lolote la Kiayalandi, awe Murphy, awe Kelly, awe Ryan, iwe ni jina la padri aliyekubatiza au la shemeji yako aliyemuoa dada yako huko Dublin. Nimeandika kwa kirefu kwasababu vitu vya namna hii kwa Kiswahili ni vichache sana, na mtu akikosa maelezo anaishia kulipia vitu vya uongo mtandaoni.

Kabla hujafungua chochote, tenganisha safari ya jina na safari ya damu. Kennedy wa Tabora ana jina, hana undugu wa damu na Kennedy wa Tipperary, na hakuna ubaya wowote hapo. Jina lilikuja kwa redio na magazeti. John F. Kennedy aliapishwa Januari 1961, Tanganyika ikapata uhuru Desemba mwaka huohuo, vijana wake wa kujitolea wa Peace Corps wakaja huku mapema kabisa, sisi na Ghana tulikuwa kwenye nchi za kwanza kuwapokea, Mwalimu akaenda kuonana naye Ikulu ya Washington Julai 1963, afu Novemba 22, 1963 jamaa akapigwa risasi Dallas. Alikuwa pia rais wa kwanza Mkatoliki kule Marekani, na mimi naamini hilo lilichangia sana kwa familia za misheni za huku kwetu. Kwaiyo kama mzee wako ni Kennedy aliyezaliwa kati ya 1961 na 1965 sababu yake ni hiyo karibu moja kwa moja, ila muulize mwenyewe au dada zake, nani alimpa jina na alilisikia wapi, uandike. Hiyo ndo karatasi yako ya kwanza.

Kanuni ya kazi nzima: tafuta mahali, siyo mtu

Hapa ndo wengi wanapotea. Mtu anaandika "Kennedy family" Google, anakutana na rais, anakutana na mfalme fulani wa zamani, anaunganisha, kwisha. Majina ya Ireland hayafanyi kazi hivyo. Jina moja linaweza kuwa limezaliwa sehemu mbili tatu tofauti na watu wasiojuana, kwaiyo jina peke yake halikuambii kitu mpaka ulifunge na mahali. Ireland ina kaunti 32, chini ya kaunti kuna baroni (eneo la zamani la utawala, kama tarafa hivi), kuna parokia, na chini kabisa kuna kitu kinaitwa townland, ambacho ukikichukulia kama kitongoji chetu hutakosea sana, na viko zaidi ya 60,000 nchi nzima. Ukishajua townland ya familia unaweza kuwapata hata kama kaunti nzima imejaa Kennedy. Usipoijua, unabahatisha.

Jina lilianzia wapi

Ireland ilianza kushika majina ya ukoo mapema kuliko nchi nyingi za Ulaya, karne ya 10 na 11 huko. Mfumo wao mwanzoni ulikuwa unafanana na wetu, mtu anatajwa kwa baba na babu. Mac ni mwana wa, Ó ni mjukuu au mzao wa. Tofauti ni kwamba kwetu jina la babu linabadilika kila kizazi, mjukuu wa Maganga anaitwa Maganga lakini kitukuu anakuwa na la mwingine, wao wakafika kwa babu mmoja mkubwa wakagandisha hapohapo, toka siku ile mpaka leo.

Babu wa hawa anaitwa Cinnéide, na ukoo ni Ó Cinnéide. Ni ukoo wa Dál gCais, watu wa upande wa mto Shannon, haohao waliomtoa Brian Boru, mfalme aliyekufa kwenye vita ya Clontarf mwaka 1014. Baba yake Brian aliitwa Cennétig mac Lorcáin, alikufa 951, na jina likarudiwa kwa mtoto wa ndugu yake Brian, na huyo mpwa ndo anayehesabiwa kuwa mwanzo wa ukoo. Maana ya jina wengi wanaigawa kwenye kichwa na kofia ya chuma ya vita, wengine wanasema kichwa kibaya, usikae sana hapo, maana ya jina haitakusaidia kumpata mtu hata mmoja.

Nyumbani kwao pa kwanza ni mashariki ya kaunti ya Clare, sehemu inaitwa Glenomra karibu na Killaloe. Mpaka leo pale kuna parokia inaitwa Killokennedy, kanisa la kina Ó Cinnéide, yaani jina limebaki ardhini hata baada ya wenyewe kuhama. Na walihama kweli, walibanwa na koo zenye nguvu zaidi, O'Brien na MacNamara, wakavuka mto Shannon wakaingia Ormond, kaskazini mwa kaunti ya Tipperary, wakawa mabwana wa nchi ile kuanzia karne ya 12 mpaka ya 16. Huko wakagawanyika matawi matatu na kila tawi likapewa rangi, Finn ni weupe, Don ni wa kahawia, Rua ni wekundu. Mji mkubwa wa eneo lile ni Nenagh, ukiona rekodi inataja Nenagh ujue uko katikati ya nchi yao.

Halafu kuna Kennedy wengine kabisa. Hawa ni wa Scotland, kusini magharibi, Ayrshire na Galloway, kabila la mabwana wakubwa, kiongozi wao alipewa cheo cha Earl wa Cassilis mwaka 1509. Walowezi wa Kiskoti walipomiminika kaskazini mwa Ireland karne ya 17 jina likaingia nao Antrim na Down. Kwaiyo ukikutana na Kennedy wa Antrim usikimbilie Tipperary. Angalia dini, kwenye sensa wanaandika, Mpresbiteri wa Antrim mara nyingi ni wa mkondo wa Kiskoti, Mkatoliki wa Tipperary ni Ó Cinnéide. Siyo sheria, watu walioana na kubadili dini, lakini ni pa kuanzia pazuri.

Tahajia itakusumbua, jiandae

Chini ya utawala wa Waingereza watu wengi waliacha ile Ó ya mbele, mwishoni mwa karne ya 19 harakati za kufufua Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, zikaanza na baadhi ya familia zikairudisha. Kwaiyo mtu mmoja anaweza kuwa Kennedy kwenye ubatizo, O'Kennedy kwenye ndoa, na Kenedy au Kennady kwenye meli kwasababu karani aliandika alivyosikia. Mwanamke akiandikwa Kigaeli hawi Ó, anakuwa Ní Chinnéide kwa kuzaliwa na Uí Chinnéide kwa ndoa. Unapotafuta usiandike tahajia moja ukakata tamaa, jaribu zote, na saiti nyingi zinakubali alama ya nyota, unaandika Ken*dy inakuletea ndugu zake wote.

Sisi huku tunalijua hili vizuri sana. Kenedi, Kenedy, Kennedy, na kuna karani mmoja mmoja anaandika Keneth kabisa, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha darasa la saba kinasema vile, ukifika kuomba mkopo wa chuo unaambiwa kaape mahakamani. Basi wale nao wameteseka hivyohivyo miaka 200, na huwezi kusema huyu siyo yule kwasababu ya herufi moja.

Ngazi ya rekodi, unashuka kutoka leo kwenda nyuma

Utahitaji simu yenye bando la kutosha, daftari la mistari (siyo notsi za simu, utapoteza), na uvumilivu. Picha za vitabu vya zamani ni nzito, kama intaneti yako inasuasua mchana pakua usiku, au nenda steshenari wakudownlodie uweke kwenye flashi. Karibu vyote nitakavyotaja ni bure. Ukiona saiti inadai kadi ya benki hapohapo mwanzo, toka.

Anza na sensa za 1911 na 1901. Ni sensa za zamani zaidi zilizosalia kamili, zimewekwa zote mtandaoni na Hifadhi ya Taifa ya Ireland, kaunti zote 32, na unaona karatasi yenyewe, mara nyingi kwa mwandiko wa baba mwenye nyumba. Fungua moja uiangalie kwa utulivu. Safu ya kwanza ni majina, inafuata uhusiano na mkuu wa kaya, dini, anajua kusoma na kuandika au hajui, umri, kazi, ameoa au la, kaunti aliyozaliwa, anaongea Kigaeli au Kiingereza. Kwenye ile ya 1911 kuna safu za mama mwenye ndoa ambazo mimi kila nikizisoma huwa natulia kidogo: ndoa ina miaka mingapi, watoto waliozaliwa hai wangapi, walio hai mpaka leo wangapi. Unakuta tisa na sita. Hapo unajua kuna watoto watatu ambao hutawakuta kwenye orodha yoyote ya nyumba ile, na unajua pa kwenda kuwatafuta, kwenye vitabu vya vifo.

Sasa fanya hivi ili uone usambaaji kwa macho yako. Ingiza Kennedy, chagua kaunti Tipperary, andika idadi ya majibu. Rudia Clare, Dublin, Wexford, Antrim, Cork, Limerick. Weka kwenye jedwali. Afu usidanganyike na Dublin, mji mkuu unavuta watu kutoka kila mahali kama Dar inavyotuvuta sisi, kwaiyo angalia safu ya kaunti aliyozaliwa, utashangaa Kennedy wangapi wa Dublin walizaliwa Tipperary. Jina lenyewe ni kubwa, Robert Matheson, aliyekuwa mkuu wa usajili, alihesabu majina kwa kutumia watoto waliozaliwa 1890 na kutoa ripoti 1894, Murphy akaongoza, Kelly wa pili, na Kennedy ni miongoni mwa 20 ya juu.

Chini ya 1901 kuna shimo, na ni vizuri ujue shimo limetokea wapi usije ukajilaumu. Sensa za 1861 mpaka 1891 serikali yenyewe iliziharibu. Za 1821 mpaka 1851 ziliungua karibu zote Juni 30, 1922, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipofika kwenye jengo la Four Courts pale Dublin ambapo ofisi ya kumbukumbu ilikuwa. Karne nyingi za karatasi ziliruka hewani mchana mmoja. Kwaiyo watafutaji wa Ireland wamejifunza kutumia vitu vingine, vyeti vya serikali, vitu vya kodi na vya kanisa.

Cha kwanza ni vyeti vya serikali, kuzaliwa, ndoa, vifo, kuanzia 1864 kwa watu wote. Viko irishgenealogy.ie, picha kabisa, kuzaliwa kama kumepita miaka 100, ndoa miaka 75, vifo miaka 50. Cheti cha ndoa ndo mali, kinataja baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi na kazi zao, yaani karatasi moja inakupandisha kizazi.

Cha pili ni uthamini wa Griffith, watu wanauita Griffith's, ulifanyika 1847 mpaka 1864 nchi nzima kwa ajili ya kodi. Mstari mmoja unakuambia mpangaji ni nani, anakodi kwa nani, ana nini, nyumba na mabanda na shamba, ekari ngapi, thamani pauni ngapi, na pembeni kuna namba ya kiwanja ambayo unaipeleka kwenye ramani yake unaona shamba lenyewe lilikuwa wapi. Kuna ardhi huku kwetu haijapimwa hivyo mpaka leo. Tatizo, imeandikwa mkuu wa kaya tu, mke na watoto hawamo. Cha tatu kipo nyuma yake, vitabu vya zaka, Tithe Applotment, 1823 mpaka 1837, wakulima walitozwa kulipia kanisa la Kianglikana hata kama ni Wakatoliki, dhuluma ile ndo leo inatusaidia kujua nani alilima wapi kabla ya ile Njaa Kuu ya miaka ya 1840. Watu wa mjini na vibarua wasio na ardhi hawamo.

Cha nne vitabu vya ubatizo na ndoa vya parokia za Kikatoliki, maktaba ya taifa imeviweka bure registers.nli.ie tangu 2015, vinaishia karibu 1880. Mwandiko wa mapadri wengine ni mateso, na mara nyingi ni Kilatini, Joannes ni John, Jacobus ni James, Gulielmus ni William, Brigida ni Bridget. Kama umewahi kushika cheti cha zamani cha ubatizo cha misheni utazoea haraka. Parokia nyingi za vijijini vitabu vinaanzia mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa 19, kwaiyo Mkatoliki wa kawaida, mkulima, ukimfikisha 1800 umefanya kazi kubwa mno na usione aibu kusimama hapo.

Kuna kitu kingine kitakusaidia ukiwa na Patrick Kennedy watano kwenye parokia moja. Familia nyingi zilifuata mpangilio wa kurithisha majina, mtoto wa kiume wa kwanza jina la baba wa baba, wa pili la baba wa mama, binti wa kwanza la mama wa mama, wa pili la mama wa baba. Sisi tunaorithisha majina ya babu na bibi hatuhitaji kuelezwa sana hapa. Ukipanga watoto kwa umri unaweza kubashiri babu ni nani, afu unaenda kuthibitisha. Kubashiri siyo kuthibitisha lakini, andika kwa penseli.

Sasa usambaaji wa nje

Jina lilisambaa kwa mawimbi. Kwanza kunyang'anywa ardhi miaka ya 1650 baada ya Cromwell, jemadari wa Kiingereza, kuivamia Ireland, mabwana wa Ormond wakapoteza majumba yao, wengine wakaenda kupigana kwenye majeshi ya Ulaya. Halafu wafungwa kupelekwa Australia, kutoka Ireland meli zao zilianza 1791, na rekodi za wafungwa ni nzuri ajabu, zinataja mpaka rangi ya macho na kosa. Halafu Njaa Kuu, 1845 mpaka 1852, viazi vilioza shambani na mtu maskini alikuwa hana chakula kingine. Sensa ya 1841 ilihesabu watu milioni 8.2, ya 1851 milioni 6.5. Karibu milioni moja walikufa na zaidi ya milioni wakapanda meli, na kuondoka hakukuisha na njaa, 1911 walikuwa wamebaki milioni 4.4. Hakuna ramani ya jina lolote la Kiayalandi utakayoielewa bila hizi namba.

Mfano wa karibu ni familia ya rais mwenyewe. Patrick Kennedy alitoka Dunganstown, townland karibu na mji wa New Ross, kaunti ya Wexford, akafika Boston wakati wa njaa, akawa fundi wa mapipa, akamuoa Bridget Murphy naye wa Wexford mwaka 1849. Mwaka 1858 Patrick akafariki, na mtoto wao wa mwisho, Patrick Joseph, alikuwa hajafikisha hata mwaka. Bridget akabaki mjane na watoto, akafungua kaduka, kaduka kakakua, yule mtoto akaja kuwa mfanyabiashara wa baa na mwanasiasa, akamzaa Joseph mwaka 1888, Joseph akamzaa John mwaka 1917. Kwa mimi huyo mama ndo mtu mkubwa kwenye hadithi yote. Juni 1963 rais alirudi Dunganstown kunywa chai na ndugu zake waliobaki pale shambani.

Sasa ona somo la kiufundi hapo. Wexford siyo Tipperary. Watu wanachukua Dunganstown wanaiunganisha moja kwa moja na Brian Boru, miaka 800 katikati wanaruka. Wewe usiruke. Andika Wexford, weka mstari, andika Ó Cinnéide juu yake kama ukoo unaowezekana, acha pengo wazi.

Kuwafuata walioondoka unahitaji upande wa pili wa bahari kwanza. Marekani ina orodha za abiria toka 1820, sensa ya 1850 ndo ya kwanza kutaja kila mtu huru kwa jina, Castle Garden ya New York ilipokea watu toka 1855 na Ellis Island toka 1892, na wa kwanza kabisa kusajiliwa Ellis Island alikuwa binti wa Cork, Annie Moore. Saiti ya FamilySearch ina nyingi ya hizi bure, unafungua akaunti tu. Shida ni kwamba orodha ya meli mara nyingi inaandika "Ireland" basi. Townland utaipata kwenye jiwe la kaburi, kwenye tangazo la msiba la gazeti, kwenye ndoa ya kanisani. Usisahau pia kwamba wengi walipitia Liverpool, na wengine nauli iliishia hapohapo, ndo maana Liverpool na Glasgow kumejaa majina haya. Canada napo, 1847 kwenye kisiwa cha Grosse Île cha Quebec walizikwa zaidi ya 5,000, walifika wakiwa na homa melini.

Huku Afrika Kennedy imekuja kama jina la kwanza, na hapa ramani za mtandaoni za majina duniani zinachanganya watu, zinaonyesha Kennedy wengi Kenya, Uganda, Tanzania, mtu anadhani Waayalandi walihamia huku. Kennedy Musonda aliyefunga mabao Yanga ni Mzambia, ubini wake Musonda. Ukitumia ramani hizo uliza kwanza, huku jina linakaa mbele au nyuma?

Usinunue ngao

Utaona tangazo la "ngao ya ukoo wa Kennedy", zile kofia tatu za chuma, kwenye kikombe, kwenye fremu. Ngao zilitolewa kwa mtu na uzao wake, siyo kwa kila mwenye jina. Kama unapenda picha chukua bure, usilipe ukiambiwa ni haki yako ya ukoo. Vipimo vya DNA navyo kwa Kennedy wa Tabora havina kazi, utalipa hela nyingi kuambiwa wewe ni wa huku. Kwa Kennedy wa kiume wa Ireland vina maana, kuna alama inaitwa L226 ambayo wataalamu wanaihusisha na uzao wa Dál gCais.

Ukishaweza hilo, geukia jina la upande wa pili

Maana Kennedy wa Tabora ana jina lingine pia, na hilo ndo la damu. Njia ni ileile, shuka kutoka leo, kila hatua ifunge na mahali. Ila ujue kwanza ni jina la aina gani. Kulwa na Doto ni mapacha, Shija kazaliwa baada yao, kwa Waha wa Kigoma pacha ni Bukuru na Butoyi, kwaiyo ukikuta kina Kulwa wawili Urambo na Nzega hakuna ukoo hapo, kuna uzazi. Mabula ni wa msimu wa mvua. Majina haya hayana kaunti, utayakuta Unyamwezini na Usukumani kote. Cha kushika ni kijiji cha babu, nchi ya mtemi gani, Unyanyembe au Urambo au kwingine, na kazi iliyomhamisha.

Kazi ndo inaeleza ramani yetu kama njaa inavyoeleza yao. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, fuata stesheni zake utakuta familia za Kinyamwezi na Kiha mpaka Morogoro na Dar. Mashamba ya mkonge yaliwachukua wengi kutoka Kigoma na Tabora kwenda Tanga na Morogoro kama manamba, wajukuu zao wako huko mpaka leo na majina yao ya huku. Ukiwa na jina la Kimanyema pale Ujiji, basi kuna safari ya kuvuka ziwa kutoka Kongo, na usitegemee karatasi, tegemea wazee na makaburi, na vitabu vya ndoa vya msikiti kama vipo. Waliobatizwa wana bahati kidogo, mapadri wamisionari wa White Fathers walifika Ujiji 1879 na misheni ya Tabora ikaanza miaka miwili baadaye, kaulize parokia kwa adabu, uende na tarehe unayoikadiria na jina la msimamizi wa ubatizo kama unalijua, maana padri hawezi kukufungulia kitabu upekue.

Ukiongea na mzee usianze na "ukoo wetu umetoka wapi", atakupa hadithi ya mfalme. Muulize shikamoo babu, wewe ulizaliwa kijiji gani, aliyekupa jina ni nani, nyumba ya jirani ilikuwa ya nani, mlihama mwaka wa mvua gani, operesheni ya vijiji iliwakuta wapi. Rekodi kwa simu kama amekubali. Kwenye daftari kila mstari uwe na vitu vinne, jina kama lilivyoandikwa au lilivyotamkwa, mahali, mwaka au makadirio, na aliyesema au karatasi iliyoonyesha. Ukikosa cha nne weka alama ya kuuliza pembeni, na usiifute mpaka ukipate.